Wa chumba kimoja: Safari ya neno 'camarade' kutoka Roma hadi Nachingwea

Katikati ya miaka ya 1960, mashamba ambayo Waingereza waliyaacha baada ya mradi wao wa karanga kuanguka, karibu na mji wa Nachingwea, yalianza kupokea wageni wa aina nyingine. Walikuwa vijana kutoka Msumbiji, wengi wao wakiwa wamevuka Mto Ruvuma wakikimbia utawala wa Wareno. Kulikuwa na Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wanyanja na watu wa kusini kabisa waliozungumza Kishangana. Kila mmoja alifika na lugha ya kwao, na wengine hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana na waliolala kando yao. Lakini wote walifundishwa kuitana kwa neno moja: camarada.

Neno hilo ni la Kireno. Kwa Kifaransa ni camarade, kwa Kiingereza comrade, kwa Kijerumani Kamerad, na kwa Kiswahili chetu cha leo ni komredi. Ukoo wake unaanzia Roma ya kale, na kabla ya Roma, Ugiriki. Historia yake inawahusu watu wa Nachingwea na Ruangwa kwa sababu ni hapa kusini ambapo neno lililozaliwa katika vyumba vya askari wa Ulaya lilirudishiwa maana yake ya kwanza, likatumika kujenga taifa.

Dari la kuba

Wagiriki walikuwa na neno kamara, likimaanisha kitu chenye paa la kuba au lililopinda. Warumi wakalichukua wakaliandika camera, na kwao likawa jina la dari la namna hiyo. Karne zilivyopita, maana ikashuka kutoka darini hadi sakafuni: camera ikawa chumba chenyewe, kiwe na kuba au kisiwe nayo.

Dola ya Roma ilipovunjika, Kilatini cha mitaani kikazaa lugha mpya, na kila lugha ikalirithi neno hilo kwa namna yake. Waitaliano wakabaki na camera, Wahispania wakawa na cámara, Wareno câmara, na Wafaransa chambre.

Hatua iliyofuata ilipigwa Hispania. Katika karne ya 16 jeshi la Hispania lilikuwa likipigana sehemu nyingi za Ulaya, na askari wake wa miguu walipangwa katika vikundi vidogo vilivyolala pamoja, kupika pamoja na kuchangia gharama. Kikundi kama hicho kiliitwa camarada, yaani watu wa chumba kimoja. Hapo mwanzo halikuwa jina la mtu bali la kundi zima. Polepole likahamia kwa mmoja mmoja: yule unayelala naye chumba kimoja, unayegawana naye chakula, anayekulinda usiku ukiwa umefumba macho.

Wafaransa, waliopigana na Wahispania mara nyingi katika karne hiyo, wakalichukua na kulifanya camarade. Kutoka Ufaransa likavuka kwenda Uingereza, na kabla karne haijaisha Waingereza walikuwa wakiliandika. Shakespeare alilitumia katika Hamlet. Wajerumani nao wakalipokea kupitia Kifaransa. Ndiyo maana Kifaransa kinastahili kuitwa kituo kikuu cha safari hii: mbegu ni ya Kilatini, mche uliota Hispania, lakini Ufaransa ndiyo iliyoutawanya kaskazini.

Kwa nini si 'chamarade'

Tunajuaje kwamba Wafaransa waliliazima neno hili badala ya kulirithi moja kwa moja kutoka Kilatini? Herufi zake za mwanzo zinatoa ushahidi.

Maneno ya Kilatini yaliyoanza na ca-, yalipopita katika vinywa vya watu wa kaskazini ya Ufaransa kwa karne nyingi, yalibadilika yakaanza na ch-. Caballus, farasi, akawa cheval. Capra, mbuzi, akawa chèvre. Cantare, kuimba, ikawa chanter. Castellum, ngome, ikawa château. Kwa kanuni hiyohiyo camera ikawa chambre. Ile b iliyojipenyeza katikati nayo ina sababu yake. Irabu ya kati ilipodondoka, neno likabaki camra. Ukijaribu kulitamka haraka utaona kwamba midomo iliyofumba kwa ajili ya m inapofunguka kuelekea r, sauti ya b inaponyoka yenyewe.

Sasa, kama camarade lingekuwa limekaa Ufaransa tangu enzi za Warumi, leo lingeanza na ch-. Halianzi hivyo kwa sababu lilifika likiwa limeshakomaa kwingine, wakati kanuni ile ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Kwa hiyo chambre na camarade ni watoto wa ukoo mmoja ndani ya lugha moja: mmoja alizaliwa nyumbani, mwingine alilelewa ng'ambo ya milima ya Pyrenees akarudi akiwa mtu mzima.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kuongeza jamaa mwingine katika ukoo huu. Chambre na chumba vinafanana kwa sauti na kwa maana. Hata hivyo havina udugu wowote. Chumba ni neno la Kibantu tupu: ni mzizi wa nyumba uliotiwa kiambishi ki-, ki-umba, yaani nyumba ndogo, kama vile jumba ni nyumba kubwa. Mfanano wa sauti peke yake haujengi ukoo. Ukoo unathibitishwa na kanuni inayojirudia katika maneno mengi.

Jamaa waliomo vinywani mwetu

Hata hivyo, jamaa wa kweli wa camera tunao, na tunawatumia kila siku.

Wa kwanza ni kamera. Karne nyingi zilizopita wataalamu waligundua kwamba mwanga ukipenya katika chumba cha giza kupitia tundu dogo, unachora ukutani picha ya kilichoko nje, kichwa chini miguu juu. Chumba hicho kiliitwa kwa Kilatini camera obscura, chumba cha giza, jina ambalo mnajimu Johannes Kepler alilitumia mwaka 1604. Chumba kikapunguzwa kikawa sanduku, sanduku likawa kifaa cha mkononi, na jina likabaki camera.

Wa pili ni chemba, kutoka Kiingereza chamber, ambalo nalo ni chambre ya Wafaransa. Fundi wa mabomba anafukua chemba ya maji taka, jaji anasikiliza shauri chemba, na askari anajua risasi iliyoko chemba ni hatari. Mtu mwenye neno la siri humvuta mwenzake chemba. Matumizi haya ya mwisho, yaliyoenea mitaani bila mwalimu, yamehifadhi sawasawa maana ya faragha ya chumba.

Wa tatu ni komredi, lililokuja kupitia Kiingereza.

Ulaya yenyewe haikutegemea chumba pekee kumtaja mwenzi. Warumi wa kale walimwita askari wa hema moja contubernalis, kutoka taberna, kibanda. Askari wanane waligawana hema moja. Baadaye likaja neno lililojengwa kwa cum, pamoja, na panis, mkate: mtu mnayekula naye mkate mmoja. Humo ndimo yalimotoka compagnon na copain ya Wafaransa, compañero ya Wahispania, na company ya Waingereza ambayo kwetu ni kampuni. Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwaka 1965 kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, Wacuba wake waliitana compañero, watu wa mkate mmoja, huku viongozi wa Kikongo waliosoma Kifaransa wakiwa na camarade yao, mtu wa chumba kimoja.

Sisi nasi tuna letu. Rafiki limetoka katika Kiarabu, rafīq, ambalo kiini chake ni mwenzi wa safari. Katika nchi za Kiarabu ndilo neno wanalotumia wanachama wa vyama vya mrengo wa kushoto kuitana, mahali ambapo Wafaransa wangesema camarade. Kwa hiyo kabla komredi hajafika pwani yetu, Kiswahili kilikuwa na neno lake la kazi hiyohiyo, ingawa kwetu lilipoa likabaki neno la mapenzi na ujirani.

Kilatini kilikuja mara tatu

Mikoa ya kusini ilikutana na watoto wa Kilatini zamani, lakini neno hili lilichelewa sana kufika. Sababu ya kuchelewa kwake ni funzo lenyewe.

Mara ya kwanza walikuja Wareno, baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498. Walituachia meza, ambayo kwa Kilatini ni mensa; mvinyo, ambayo ni vinum; karata, ambayo ni charta; padri, ambaye ni pater. Walituachia hata gereza, lililotokana na neno lao la kanisa. Mkorosho wenyewe, unaolisha kaya nyingi za Ruangwa na Nachingwea leo, ulifika Afrika Mashariki kwa mkono wao kutoka Brazil. Maneno hayo ni ya vyombo, biashara, dini na adhabu. Camarada halimo. Mreno wa enzi hizo hakulala chumba kimoja na Mswahili kama mwenzake, na neno la wenzi halikuwa na mahali pa kushika.

Mara ya pili walikuja Wajerumani. Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao, na mwaka 1906 Ndanda. Katika makanisa yao misa iliimbwa kwa Kilatini hadi mageuzi ya miaka ya 1960, kwa hiyo kuna wazee wa kusini waliotamka Kilatini cha kanisa kabla hawajajua Kiingereza. Wanajeshi wa Kijerumani nao walikuwa na Kamerad yao. Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, kulipiganwa moja ya vita vikali kuliko vyote vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, na pande zote mbili wengi waliopigana na kubeba mizigo walikuwa Waafrika. Mwezi uliofuata Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Miaka yote hiyo ya kutembea porini pamoja haikuliingiza neno Kamerad katika Kiswahili. Kilichoingia ni shule na hela.

Mara ya tatu ndiyo ya miaka ya 1960, na safari hii lugha ya Wareno haikuletwa na Wareno. Ililetwa na Waafrika waliokuwa wakipigana nao.

Farm 17

Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Ulianza mwaka 1947 ukasitishwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili yake iling'olewa miaka ya 1960. Kilichobaki ni ardhi iliyosafishwa, majengo, na mashamba yaliyopewa namba. Shamba namba 17, Farm 17, ndilo jina linaloishi hadi leo, kwa sababu hapo ndipo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoweka kituo chake kikuu cha mafunzo ya siasa na vita.

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, na ilianza vita tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wa awali walipitia Kongwa. Kisha Nachingwea, iliyo karibu na mpaka, ikachukua uzito. Samora Machel, aliyekuja kuwa kiongozi wa FRELIMO, ndiye aliyeijenga kambi hiyo kuwa mahali pa kufundisha zaidi ya kulenga shabaha. Vijana walijifunza kusoma na kuandika, walilima chakula chao wenyewe, walifundishwa na wakufunzi wao pamoja na wa kutoka China. Mwaka 1967 wanawake wa Msumbiji walianza kupokea mafunzo ya kijeshi hapo, miongoni mwao Josina Muthemba, ambaye baadaye alikuwa mke wa Samora na aliyefariki dunia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25.

Katika kambi hiyo camarada lilikuwa na kazi nzito. Wamakonde wengi walijua Kiswahili; wa kusini hawakukijua. Viongozi waliamua Kireno, lugha ya adui, kiwe lugha ya umoja ili kabila lolote lisionekane limewatawala wengine. Amri, darasa na wimbo vikawa kwa Kireno, na mtu akaitwa camarada badala ya kuitwa kwa kabila au mkoa wake. Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) anajua maana ya kulala hanga moja na watu kutoka pande zote za nchi: baada ya miezi michache huulizi tena mwenzako ametoka wapi. Pale Nachingwea neno lilirudi kwenye asili yake ya karne ya 16, askari wa chumba kimoja, lakini sasa chumba kilibeba nchi nzima ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Maneno hayakusafiri upande mmoja. Mashamba waliyolima wapiganaji waliyaita machamba, neno ambalo Kireno cha Msumbiji kilikuwa kimelichukua kutoka Kiswahili, mashamba. Nasi tukapata kwao kaulimbiu ambayo mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu Tanzania au Kenya anaijua, aluta continua, mapambano yanaendelea. Luta hiyo ni lucta ya Kilatini, mieleka. Na lutte ya Kifaransa hadi leo inamaanisha mapambano na mieleka pia.

Tarehe 24 Mei 1975 Samora aliondoka Tanzania na kuvuka Ruvuma kuanza safari ya ushindi hadi Maputo, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni.

Mlango wa chumba

Haki ya historia inatudai tuseme na upande wa pili. Neno linalowakaribisha watu ndani linaweza pia kuwafungia nje. Uria Simango alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu kuanzishwa kwake. Baada ya Mondlane kuuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, alitofautiana na wenzake hadharani akafukuzwa. Mwaka 1975 alirudishwa Nachingwea akiwa mfungwa, akasomeshwa maungamo mbele ya umati, na baadaye akauawa huko Niassa bila kufikishwa mahakamani.

Jambo hilo lilitokea katika ardhi yetu, katika kambi ileile ya watu wa chumba kimoja. Halifuti kilichojengwa hapo, lakini linaonya. Wahispania wa karne ya 16 walimwita mtu camarada kwa sababu waliweza kulala usingizi akiwa macho. Siku ambayo mwenzako anaweza kuporwa jina hilo kwa tofauti ya mawazo, chumba kimekuwa ofisi ya mkubwa.

Komredi na ndugu

Tanzania yenyewe ilichukua njia mbili. Zanzibar, wafuasi wa chama cha Umma kilichoanzishwa mwaka 1963 na Abdulrahman Mohamed Babu waliitwa Makomredi, na jina hilo likawaganda hadi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Bara, TANU ilichagua ndugu, neno la tumbo moja, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa cheo cha heshima kwa waziri na mkulima, likiandikwa Ndg. mbele ya jina. Komredi lilibaki pembeni kama neno la mapenzi ya chama. Ndiyo maana Abdulrahman Kinana, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM, wengi wanamjua kwa jina la Komredi. Kenya, wanafunzi wa vyuo vikuu ndio waliolikumbatia. Zimbabwe, magazeti ya serikali huliandika kwa ufupi, Cde, mbele ya majina ya viongozi. Msumbiji, wana-FRELIMO wanaitana camarada hadi leo.

Tofauti ya ndugu na camarada inastahili kutafakariwa. Ndugu huchagui; unazaliwa naye. Camarada unampata kwa kukubali kuishi naye, kugawana naye na kumlinda. Watu wa Nachingwea na wa Ruangwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijawa wilaya inayojitegemea, walifanya yote mawili. Waliwapokea watu wa ng'ambo ya Ruvuma ambao wengi walikuwa ndugu zao kwa kabila na lugha, na wakakubali kuishi jirani na vita vya nchi nyingine kwa miaka kumi. Nje ya mji wa Mtwara, Naliendele, wamezikwa wanajeshi wa Tanzania waliofia Msumbiji. Huo ndio ujirani uliolipwa kwa damu.

Tanzania ina Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika, na historia ya mapambano ya kusini mwa bara hili imekusanywa katika juzuu za Mradi wa Hashim Mbita, uliopewa jina la aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU. Kazi hiyo ni kubwa na ya heshima. Lakini vitabu vinazungumza zaidi kuhusu viongozi na vyama. Wapo wanavijiji waliowauzia wapiganaji kuku na mihogo, waliocheza nao mpira, waliojifunza maneno ya Kireno bila daftari, waliozika wageni wao. Kijana wa wakati ule leo ana miaka 70 au zaidi.

Shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa zina uwezo wa kufanya kazi hii bila kusubiri bajeti ya mtu. Simu ya mwanafunzi inarekodi sauti. Mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili wakiketi pamoja, mmoja aulize nani alikuwa wapi mwaka gani, mwingine aulize mliitanaje, mliimba nini, kitu hiki mlikiitaje. Majibu ya wazee hao yatakuwa historia ya ukombozi iliyosimuliwa na wenyeji wa nyumba. Ianze mwaka huu, kwa kila kijiji kilichopakana na Farm 17, wakati wenye sauti hizo bado wapo.